Bibi wa Juu na Nyoka wa Ziwani

Sitaandika alizaliwa kijiji gani wala nani alimzaa. Alikuwa Mpemba, aliishi Uswidi ya kaskazini miaka mingi kuliko aliyoishi Pemba, na nilipomjua mimi alikuwa anakaa flati ya juu yetu hapa Walthamstow, London. Hayo yanatosha. Sisi tulimwita Bibi wa Juu, na mwanangu Bhoke mpaka leo akisikia neno "bibi" anaangalia dari.

Nianze na mdomo wake, maana ndio ulionikera kwanza. Ukimwambia jambo lolote, alikurudishia swali. Basi limepita halikusimama. "Umeona wewe na nani?" Mbweha wamepasua mifuko ya taka uani. "Umeona wewe na nani?" Siku niliyomwambia kwamba ukuta wa chumba cha mwanangu unaota kuvu nyeusi, aliniuliza hivyo hivyo, pale kwenye ngazi, kiroba cha mchele kwapani. Nilitaka kumtukana. Mimi ni mtu wa Musoma. Kwetu mtu mzima akikuuliza hivyo, maana yake anakuita mwongo, na nilikuwa nimeshaitwa mwongo vya kutosha na wenye nyumba.

Maana hali ilikuwa hivi. Kona ya chumba cha Bhoke, nyuma ya kabati, ilikuwa inalowa. Nikifuta leo, wiki ijayo kuvu imerudi, nene zaidi. Bhoke alikuwa na miaka mitano na kifua chake kilipiga filimbi. Akipanda ngazi mpaka kwetu alikaa chini katikati ya njia kama mzee. Daktari alisema mtoto huyu anahitaji chumba kikavu. Nikipiga simu kwa wenye nyumba, naambiwa fungua madirisha, funika sufuria unapopika, usianike nguo ndani. Sasa niwaulize, nguo nianike wapi, kwenye paa? Sikuwa nataka nyumba kubwa wala bustani. Nilitaka ukuta ule utengenezwe kabla kifua cha mwanangu hakijaharibika moja kwa moja. Basi. Kitu kimoja.

Bibi wa Juu alikuwa mtu wa kukaa kwenye ngazi. Lifti hakuipenda hata siku ilipokuwa inafanya kazi, alisema hawezi kuingia kwenye sanduku akiwa hai. Kwa hiyo alipanda kwa miguu, na kwenye kila ghorofa alipumzika, na hapo alipopumzika ndipo mahakama yake ilipokuwa. Alijua nani kagombana na nani. Kahawa aliichemsha nzito, akaitia iliki kama ya kwao, halafu akabana donge la sukari kwa meno ya mbele na kuinywa kahawa ikipita juu yake, kama walivyomzoesha Waswidi. Jibini alilikwangua kwa kile kisu chao chenye tundu, vipande vyembamba unaona mwanga upande wa pili, akavila kwa chapati. Nilimwambia huo ni uchawi. Akasema, "Uchawi ni huo uji wenu wa ulezi."

Baridi ya London aliidharau. Sisi tumejifunga mablanketi, yeye anatoka na kandambili kutupa taka. "Hii si baridi," alisema. "Hii inajifanya tu." Lakini mvua ikinyesha kidogo, hatoki hata dukani. Aliogopa mvua kama paka. Ukimuuliza, anasema theluji ina adabu, mvua haina.

Na alikuwa hasemi uongo. Hata ule mdogo wa kwenye simu, wa kumwambia mtu niko njiani wakati hujavaa viatu. Shoga yake wa msikitini akipiga simu na yeye hataki kuzungumza, alipokea akasema, "Nipo, lakini leo sikutaki," akakata. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa na nyoka wa ziwani.

Ule mji aliokaa kule Uswidi uko kando ya ziwa kubwa, na yeye alifanya kazi jikoni kwenye hospitali. Bhoke alipokuwa haendi shule kwa ajili ya kifua, nami nina zamu ya kusafisha maofisi, Bibi alikaa naye. Nikirudi nawakuta kwenye ngazi.

"Yalikuwapo majitu mawili," Bibi anasema, "yanapika chungu chao ufukweni. Yanapika, yanapika, mwaka unaingia mwaka unatoka, chungu hakiivi. Siku hiyo chungu kikaanza kulia, kinalia kama mtoto ana tumbo. Mara akaruka mnyama. Mwili wa nyoka, kichwa cha paka mweusi. Huyoo, ziwani. Akakua, akakua, mpaka akakizunguka kisiwa kizima na kuuma mkia wake mwenyewe."

Bhoke akauliza kwa Kiingereza anakula nini.

"Sijasikia," Bibi akasema. Alikuwa amesikia vizuri.

"Anakula nini?" Bhoke akarudia kwa Kiswahili, amenuna.

"Hapo nimesikia. Anakula samaki, kama mimi. Basi akaja bwana mmoja mjuzi, akachonga jiwe, akamchora humo yule nyoka, akaandika maneno ya kumfunga. Atakaa kifungoni mpaka atokee mtu wa kuyafahamu yale maneno yote. Na jiwe lenyewe lipo, nimeliona."

"Umeliona wewe na nani?" nikamchokoza.

"Mimi na basi zima la watalii, we mtoto wa ziwani."

Alipenda kuniita hivyo, kwa sababu ya Musoma. Nilimwambia sisi ziwa letu lina mamba na viboko, hatuna haja ya kubuni wengine. Akasema ndiyo tofauti yetu na wale watu. Sisi tuna wanyama wa kweli tunawakimbia, wao wana mmoja wa kusimuliwa, na wanampenda kama ng'ombe wa nyumbani. Siku moja alimpeleka Bhoke na pumzi zake kwenye mabwawa ya maji hapa Walthamstow, wakakaa kwenye benchi wakiangalia bata. Bhoke alitaka kujua kama nyoka anaweza kuishi mle. Bibi aliyaangalia yale maji kwa dharau. "Haya ni matangi," alisema. "Mnyama mwenye heshima zake hakai kwenye tangi."

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya mtego. Zamani watu wa mji ule waliunda mtego mkubwa wa chuma wa kumnasa yule nyoka, wakauwekea mtoto wa nguruwe kama chambo. Wakangoja. Mnyama hakugusa.

"Nilipoambiwa hivyo," Bibi alisema, huku anajifunga mtandio vizuri, "nikajua huyu ni mwenzetu."

Lakini hadithi iliyonikata maini ni nyingine. Aliniambia kwamba serikali ya mkoa ule iliwahi kumwekea yule mnyama sheria ya kumlinda. Marufuku kumuua, marufuku kumdhuru, marufuku kuchukua mayai yake. Baadaye sheria ikaja kuondolewa, lakini ilikuwepo, watu wazima wenye tai walikaa mezani wakaipitisha. Niliweka kikombe chini. Nikamwambia, Bibi, yaani mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumshika, wamemlinda yeye na mayai yake, na mwanangu ambaye kila mtu anamsikia kifua kinapiga filimbi, mimi naambiwa nifunike sufuria?

"Yeye alikuwa na mashahidi wengi," Bibi akasema.

Ndipo aliponieleza lile swali lake. Kule, mtu akiona kitu kwenye maji, hapigi kelele "nyoka yule." Mpishi mkuu wa pale jikoni, mama mmoja wa Kiswidi, ndiye aliyemfundisha. Unamfuata mwenzio, unamwambia njoo usimame hapa. Basi. Humwambii aangalie nini. Anasimama, anaangalia kwa macho yake. Halafu kila mmoja anasema peke yake alichoona, kabla hamjakaa kunywa kahawa pamoja. Yakilingana, mna jambo. "Ukishamwambia mwenzio la kuona," alisema, "umebaki peke yako tena."

Nikamuuliza, "Na wewe umemwona?"

"Nimeona kitu."

"Na nani?"

"Peke yangu." Alikuwa ametoka kumwaga maganda asubuhi, ziwa limetulia kama sahani. Ikapita migongo myeusi, mmoja nyuma ya mwingine, bila upepo wala mashua. Akasimama na ndoo yake mpaka maji yakafunga. Hakumwita mtu. "Kwa hiyo simo," alisema. "Mimi nasimulia waliyoyaona wenzangu."

Nilikasirika kweli. Yaani miaka yote hiyo amesimulia macho ya watu wengine na ya kwake ameyatupa. Nikamuuliza kama mtu akiwa peke yake hana macho. Akasema, "Macho anayo. Hana wa kusimama naye." Nilikuwa nimesimama peke yangu kwenye chumba kile muda mrefu mno.

Sasa nieleze ujinga nilioufanya, na najua mama yeyote wa kwetu angeufanya. Afisa wa nyumba alisema atakuja kuangalia ukuta. Nilifurahi kama nimechumbiwa. Mgeni haingii nyumba chafu. Nilisugua ukuta ule kwa dawa mpaka macho yakanitoka machozi, nikapiga deki, nikatandika kitambaa cha mezani cha harusi yangu. Nikakaanga maandazi. Chai ya maziwa, tangawizi imo. Bhoke nikamvika gauni la kanisani. Afisa akaja, kijana mwenye begi mgongoni, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikasema huyu kalelewa. Akala maandazi, akasifu, akaomba mengine. Akaingia chumbani, akaangalia kona, akasema pako safi sana, hongera, endelea tu kufungua madirisha.

Bibi aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakasirika, na hasira yake ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Umempokea kama mkwe aliyeleta posa," alisema. "Watu wa kule wanakesha na kamera kumngoja mnyama atokee. Wewe wako ametoka, kichwa nje, mkia nje, ukamwogesha ukamrudisha majini."

"Ningemkaribisha mtu kwenye uchafu?"

"Yule si mtu. Yule ni afisa."

Na ajabu yake, fundi wa gesi alipokuja kwake mwezi uleule, Bibi alifukiza udi tangu asubuhi na kumwekea sahani ya mkate wa kumimina. Nilimuuliza vipi. Akasema gesi yake ilikuwa nzima, hana cha kumwonyesha.

Basi akanipiga marufuku kufuta ukuta. Nilimhamishia Bhoke chumbani kwetu, godoro chini, mlango wa chumba chake nikaufunga. Ilinitesa. Kuacha kona ya nyumba yako inachafuka kwa makusudi, na wewe unaiona, ni kama kutembea barabarani na kamasi. Shule zilipofungwa mimi na Bhoke tukaenda kwa dada yangu, mji wa Reading, baba yake naye akalala kwa rafiki yake karibu na ghala anakofanya kazi. Ufunguo Bibi alinidai mwenyewe.

"Usipike leo," aliniambia. "Zima kila kitu. Hata birika."

Sikuelewa, nikazima. Siku tulipokuwa hatupo, alimchukua jirani wa mlango wa pili, baba mmoja Mkongo anayetunza wazee. Akamwambia simama hapa, akatoka nje. Siku nyingine akamchukua mama wa Kiingereza wa ghorofa ya chini, mwenye mbwa. Simama hapa. Akawaomba wasizungumze wao kwa wao mpaka afisa arudi. Yule mama wa Kiingereza, nilikuja kuambiwa, aliweka kiganja ukutani, akakitoa haraka, akakipangusa kwenye mgongo wa mbwa wake.

Afisa kumrudisha kulinichukua simu nyingi na matusi kidogo. Alikuja yuleyule. Safari hii deki hakuna, kitambaa hakuna. Nilijaribu kuwasha jiko la chai na Bibi akaniondoa jikoni kwa bega. Kijana akasimama chumbani, pua imejikunja, akaangalia kona iliyokuwa nyeusi kutoka dari hadi nusu ya ukuta. Nikafungua mdomo nimweleze. Bibi akanifinya.

"Mwache aangalie," alisema.

Akaangalia. Kisha akasema, kwa upole wote, kwamba huu ni mvuke tu, mama, familia inapika sana, nguo zinaanikwa ndani, madirisha hayafunguliwi.

Bibi akaita mlangoni. Akaingia baba Mkongo, ametoka zamu, bado na sare yake. Akaulizwa aliona nini. "Mama, hii haiko ukuta," alisema kwa Kiswahili chake, "hii iko shamba." Kisha akamwambia afisa kwa Kiingereza: maji yalikuwa yanatiririka kutoka kona ya juu, siku ambayo hapakuwa na mtu ndani. Akatoka. Akaingia mama wa chini na mbwa. Akasema lilelile, kona ileile, siku nyingine, na jikoni alikopita palikuwa baridi kama kaburi. Akaongeza kwamba naye ana alama chini ya kona hiyo hiyo na alikuwa anaona aibu kusema.

Bibi akamgeukia kijana. Kiingereza chake kilikuwa na Uswidi ndani yake, kila sentensi inapanda mwishoni.

"Nyumba ilikuwa tupu," alisema. "Sasa nani alikuwa anapika?"

Kijana alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu kabisa kwenye kona, na maji yakamshukia kwenye mkono wa shati mpaka kiwikoni. Akauangalia ule mkono kama si wake. Akatoa simu palepale, mbele yetu, na sauti aliyotumia kwa wakubwa zake haikuwa ile ya kufunika sufuria.

Jukwaa la mafundi lilisimamishwa nje, na siku walipovunja ukuta jengo zima lilikuwa barabarani. Bomba la mvua linalotoka kwenye paa lilikuwa limepasuka ndani ya matofali, na kila mvua ya London ilikuwa inamwagikia kitandani kwa mwanangu. Walilitoa, refu, jeusi, limepinda, limeota majani. Nilipiga vigelegele pale kando ya barabara mpaka dereva wa basi akapunguza mwendo. Sikuona aibu hata kidogo. Mama wa chini alitaka kujaribu na yeye, akatoa sauti kama birika, tukamshangilia hivyo hivyo.

"Nyoka ndiye huyo," baba Mkongo akasema, anamwonyesha Bhoke. Bhoke akaanza kutafuta kichwa cha paka.

"Bomba," Bibi akasema. Alikuwa amesimama na kandambili zake, mikono kifuani. "Tumeona sote. Bomba."

Hakukubali hata utani. Lakini nilimwona anapanda ngazi siku hiyo, na hakupumzika ghorofa hata moja.

Wenye nyumba hawakuomba radhi, na mimi sijawasamehe. Nasema wazi ili asije mtu akadhani mambo yaliisha kwa tabasamu. Ila tuliwashinda. Ilibainika flati nyingine za upande ule zina kona hiyo hiyo, na kina mama waliokuwa wanasugua kimya kimya kila mmoja kwake wakaanza kugonga mlango wangu. Nawaambia jambo moja kabla hawajakaa: usipike maandazi. Halafu tunakwenda kusimama. Mabomba yamebadilishwa upande mzima.

Bibi aliondoka mwaka uliofuata. Magoti yalishindwa na ngazi, na lifti aliendelea kuikataa, kwa hiyo mpwa wake akamchukua Tooting, kusini mwa London, kwenye nyumba ya chini. Hakuaga kwa machozi. Alinipa kile kisu cha jibini na kuniambia nisikitumie kwa vitunguu. Nakitumia kwa vitunguu.

Juzi tulikwenda kumwona. Alikuwa amekuja kutupokea karibu na stesheni, ameegemea mkongojo, amekonda, mtandio umemzidi. Nilipomwona nilisita kidogo, nikatafuta la kusema. Bhoke hakusita. Alinichomoka mkononi akakimbia barabara nzima katikati ya watu na matoroli yao, akamfikia, na palepale akaanza kuongea. Shule, rafiki yake mpya, jino lililong'oka, mbio alizoshinda uwanjani akawaacha wavulana nyuma, yote kwa Kiswahili kilichochanganyika, bila nukta, bila kukaa chini, bila kushika kifua. Nilipofika walipo bado alikuwa anaendelea.

Bibi alinitazama juu ya kichwa cha mtoto.

"Mwanangu," alisema, "huyu hapumziki? Mwambie anyamaze kidogo, masikio yangu mazee."

"Simwambii," nikasema.

Tukasimama pale tunamsikiliza.